Mlio wa Bunduki ya Upepo

Kimulot,
16 Februari 1992

Kwa Kepher Opondo,
Mkuu wa Stoo, Shamba la Chai la Koiyet.

Chamgei, bwana. Kabla hujaanza kunifokea, nikutoe wasiwasi: bunduki yako iko salama. Haijaanguka, haijanyeshewa, na watoto wangu hawajaigusa. Uliniazima wiki nzima nijue kama ninataka kuinunua. Mimi nilijua siku ya kwanza. Siku zilizobaki nilikuwa najifurahisha tu.

Kepher, nimepiga bunduki zote za upepo pale klabu, na hakuna inayoifikia hii ya Mjerumani. Imezeeka karibu kama sisi, lakini ukivuta ule wenzo wa pembeni, springi inajikunja bila hata kulalamika. Ukifyatua, chuma chote kinarudi nyuma juu ya reli zake na bega halisikii kitu. Na sauti yenyewe ni puf, kama mtu amepuliza mshumaa. Niliipiga nyuma ya nyumba Rebeccah akiwa jikoni, nikamuuliza, akasema, "Umepiga saa ngapi?" Ng'ombe hata hawakuinua vichwa. Sasa naelewa kwa nini yule meneja wa zamani alipokuuzia kabla ya kurudi kwao alitoa machozi.

Kasoro ni moja. Juzi punje za risasi zilianza kugonga chini ya shabaha. Ni ile ngozi ya pistoni, imekauka. Najua ulinikataza kuifungua, na sikuifungua. Lakini sisi watu wa ng'ombe tunaijua ngozi kuliko Mjerumani. Jana jioni niliifanyia jambo dogo la nyumbani, na sijaipiga tena tangu hapo. Sikwambii ni jambo gani. Utaona mwenyewe ukiipiga, halafu utaniletea soda.

Bei tuliyoongea nimekubali: yule ndama mwekundu uliyekuwa unamkodolea macho ni wako. Lakini leseni ingali kwa jina lako, na mimi sitaki kulala selo kwa sababu ya mchezo. Kesho nitairudisha. Utakuwa kazini, kwa hiyo nitamwachia mkeo. Mwisho wa mwezi twende kituo cha polisi Kericho tubadilishe jina, ndipo umchukue ndama wako.

Najua mnasikia maneno ya vurugu kutoka upande wa Chepseon. Usiyatie moyoni. Mmeishi Koiyet miaka mingi, na huku kwetu hakuna mtu wa kuwagusa.

Wasalimie shemeji Molly na mama yako.

Mimi rafiki yako,
Benard Kiptum


Ahero,
22 Machi 1992

Ndugu Benard,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Tuko Ahero kwa kaka yangu, watu wengi katika nyumba ndogo. Mama hatunaye tena. Tulikaa kituo cha polisi, uwanjani, mvua ikitunyeshea usiku na mchana, kifua chake hakikustahimili. Tulimzika wiki mbili zilizopita.

Ninavyojua mimi ni hivi. Jumatatu ile uliporudisha bunduki nilikuwa stoo. Niliporudi jioni nikakuta watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wamekusanyika vikundi vikundi, wakiniona wananyamaza. Usiku huo jirani mmoja akanigongea dirisha, akasema inazungumzwa kwamba mlio wa bunduki umesikika nyumbani kwangu, kwamba Wajaluo wa Koiyet wanaleteana silaha. Nilicheka, Benard. Nilicheka kweli. Kesho yake wakaja. Jiko letu la nyuma lilichomwa, na vyombo vyote vikatolewa nje vikachomwa pia. Tulitoka na nguo tulizovaa.

Kampuni imenisimamisha kazi. Nimeandikiwa kwamba meneja atanisikiliza mwezi wa Juni, pamoja na chifu na wazee wa pale. Ikionekana niliweka silaha katika nyumba ya kampuni, nimefukuzwa, na jasho langu la miaka yote limepotea. Ikionekana sikuweka, narudi. Ni hilo tu, na ndilo limebaki kwangu kati ya vyote nilivyokuwa navyo.

Sina mwingine wa kumwomba ila wewe. Wewe ni Mkipsigis, wazee wanakujua, na uliipiga ile bunduki wiki nzima. Simama uwaambie inalia vipi. Molly anaapa kwamba siku ile hakukuwa na mlio wowote nyumbani. Kuna mtu alibuni uongo huu. Yeyote aliyetoa neno la mlio, huyo ndiye aliyemuua mama yangu. Hilo silisamehe, hapa duniani wala mbele.

Sijui bunduki ilikwenda wapi. Labda iliungua na vingine.

Ni mimi,
Kepher Opondo


Kimulot,
4 Aprili 1992

Ndugu Kepher,

Pole. Nimeandika neno hilo na kulitazama na naona ni dogo mno. Mama yako alikuwa akiniita mwanawe, na mimi sikuja mazishini kwake. Barabara ya Sondu siku hizo haikupitika kwa mtu wa jina langu. Natumaini unajua hivyo, hata kama hukusema.

Bunduki ninayo. Jumanne ile niliposikia, nilikuja na pikapu ya maziwa. Niliwakuta mmeshaondoka, mlango wazi, na wale vijana bado hawajafika. Nilichukua sanduku la bunduki na cherehani ya Molly. Singeweza kubeba zaidi. Viko juu ya dari yangu, na Rebeccah halali vizuri kwa sababu hiyo.

Sasa kuna jambo linanisumbua, na tukifichana tutakuwa si marafiki. Niliongea na Kipkorir, jirani yenu wa pili. Unamjua, hanywi, hasemi ovyo, na siku ile ndiye aliyekimbia na watoto wenu hadi kituo cha polisi. Anasema mlio ulikuwepo. Aliusikia yeye mwenyewe, kishindo kikali kutoka nyuma ya jiko lenu, na akaona moshi wa bluu. Hii bunduki haitoi moshi. Hii bunduki inasema puf.

Kwa hiyo nakuuliza kama ndugu: kulikuwa na nyingine? Siku zile watu walikuwa na hofu, na mtu angeweza kupewa kitu cha kulinda nyumba yake. Sitakuhukumu. Lakini nikisimama mbele ya wazee wetu na kuapa, halafu itokee kwamba kulikuwa na nyingine, mimi na watoto wangu hatutakaa Kimulot.

Nijibu ukweli.

Benard


Ahero,
15 Aprili 1992

Benard Kiptum,

Nimesoma barua yako mara moja, na sitaisoma tena.

Nilikuandikia kwamba nimemzika mama, na wewe unaniuliza kama nina bunduki. Mtu aliyekula nyumbani kwangu Krismasi tatu! Hilo swali la kulinda nyumba, wale waliochoma jiko langu nao walianza nalo. Wao walikuja na petroli, wewe umekuja na kalamu.

Hakukuwa na nyingine. Hakukuwa na mlio. Kama huniamini mimi, muulize Molly, alikuwa nyumbani siku nzima.

Siuzi tena. Ndama wako mlishe mwenyewe. Tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, ofisini kwa meneja, ninaomba tu mali yangu iletwe ionekane. Ukiogopa kuileta, mpe dereva wa kampuni. Wewe si lazima uje.

K. Opondo


Ahero,
Ijumaa Kuu, 17 Aprili 1992

Kwa shemeji Benard,

Kepher na wengine wote wako kanisani. Mimi nimesingizia tumbo ili nipate kukuandikia. Tafadhali ukimaliza kusoma uichome, na ukitaka kunijibu tumia anwani ya Jerusa, rafiki yangu wa kanisani, niliyoandika nyuma ya bahasha. Usitumie ya hapa nyumbani.

Kipkorir hasemi uongo. Mlio ulikuwepo. Ni mimi.

Ulipoiacha bunduki kitandani na kwenda zako, haukupita muda, mwewe akaja. Alikuwa ameshabeba vifaranga wangu wawili wiki ile, na mbele ya macho yangu akabeba wa tatu, akatua juu ya ua. Nilikasirika. Kepher alikuwa amenikataza kabisa kuigusa, lakini nilikuwa nimemwona akivuta ule wenzo na kutia punje mara nyingi, na kila siku ilikuwa inalia kidogo tu. Nikasema nitamtisha tu huyu ndege.

Shemeji, ililia kama gurudumu la lori limepasuka. Moshi ukatoka mdomoni mwa bunduki. Mama mkwe akapiga kelele ndani. Mimi nilidhani nimeivunja. Nikaifuta haraka, nikairudisha kwenye sanduku, nikamwambia mama mkwe ni mabati yaliyoanguka, na yeye akaniamini. Sijui ilikuwa nini. Ninachokumbuka ni harufu. Ilinuka kama samli iliyosahaulika jikoni ikaungua. Nimefikiria hiyo harufu hadi kichwa kinaniuma.

Jioni Kepher aliponiuliza nilikana, kwa sababu niliogopa bunduki imeharibika na wewe umeshakubali kuinunua. Hilo tu ndilo nililoogopa! Kesho yake likawa jambo la watu kufa. Tulipomzika mama nilitaka kusema. Kisha nikamsikia Kepher akiapa kaburini juu ya yeyote aliyeanzisha habari ya ule mlio, na mdomo wangu ukafungwa. Sasa kila mgeni akija, Kepher ananishika bega na kusema, "Muulizeni mke wangu, yeye hadanganyi."

Usimdhanie vibaya. Hana bunduki nyingine. Msaidie, lakini nisitiri mimi.

Molly


Kimulot,
27 Aprili 1992

Ndugu Kepher,

Sikustahili kukuuliza lile swali. Nakuomba radhi, na siombi unijibu juu ya hilo.

Nitakuja tarehe 19 mimi mwenyewe, na nitaileta bunduki kwa mkono wangu.

Lakini nisaidie jambo moja ili nisiende kama mjinga. Kile kijitabu cha meneja wa zamani, najua kiliungua, lakini wewe ulikuwa umekikariri kama katekisimu. Kilisema nini kuhusu mafuta?

Benard


Ahero,
6 Mei 1992

Benard,

Nakujibu kwa sababu ya kesi, si kwa sababu tumepatana.

Kijitabu kilisema ngozi ya pistoni inataka mafuta kidogo sana, yale maalumu yasiyoshika moto, na yaachwe yalowe taratibu. Mafuta ya kawaida yakiwa mengi mbele ya pistoni ni hatari. Springi ikiachiwa, hewa inabanwa kwa nguvu na kupata joto kali, na yale mafuta yanawaka mara moja, jinsi dizeli inavyowaka ndani ya injini ya lori. Bunduki inatoa mlio mkubwa na moshi, na springi inaweza kukatika. Ndiyo maana nilikukataza kuigusa ndani. Hata mimi mwenyewe nilikuwa

Benard, nimeacha kuandika hapo juu nikaenda kutembea, nimerudi sasa.

Uliniandikia mwezi wa pili kwamba umeifanyia ngozi jambo la nyumbani. Barua niliipata kazini asubuhi ya ile Jumanne na nilikimbia nayo mfukoni, hapa ninayo. "Sisi watu wa ng'ombe tunaijua ngozi." Jambo gani?

Ingawa hata hivyo haisaidii. Mafuta hayawezi kulia yenyewe ndani ya sanduku. Lazima kuwe na mtu aliyefyatua, na hakuna aliyefyatua.

Nijibu. Jambo gani?

Kepher


Koiyet,
28 Juni 1992

Benard Kiptum,

Nilingoja jibu lako wiki sita. Nililipata ofisini kwa meneja, mbele ya watu, pamoja na wengine wote.

Nikiri kwamba ulifanya kazi. Ulipotoa kile kichupa cha samli ya mama yako, ukaipasha moto kwa kiberiti, ukaimimina ndani ya tundu la hewa na kusema, "Hivi ndivyo baba zetu walivyolainisha ngozi, nami nilidhani ninaitendea wema," wazee walikuwa wanatabasamu. Ulipoelekeza mtutu kwenye maua nje ya dirisha na kufyatua, chifu aliingia chini ya meza, na hakuna aliyemcheka. Moshi ulijaa ofisi. Kipkorir alisema palepale, "Ndio huo. Ni huo huo niliosikia." Nilitazama nyuso za watu wa laini. Baadhi yao ninajua walibeba nini siku ile. Walitazama sakafu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyechoma jiko, na meneja hakuuliza pia.

Halafu meneja akauliza ni nani aliyefyatua siku ile. Na wewe ukasema, "Ni mimi. Mama wa nyumba alikuwa ameenda bombani kuteka maji, na yule bibi mzee alikuwa amelala. Nikaijaribu mara moja nyuma ya jiko, ikalia, nikaogopa, nikairudisha na kuondoka."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua Jumatatu ileile. Ulijua ulipokuja na pikapu, ulijua nilipokuandikia kwamba mama amekufa. Na ukijua hayo yote, ukachukua kalamu ukaniuliza mimi kama nilikuwa na bunduki nyingine! Nimejaribu kuelewa ni mtu wa namna gani anaweza kuandika barua ile. Nilidhani nakujua.

Nimerudishwa kazini. Tumepewa nyumba ya laini ya juu. Polisi walipokushika mlangoni kwa kufyatua bila leseni, watu waliniangalia wakidhani nitasema neno. Niliwapita nikaondoka. Nasikia ulilala ndani, ukalipa faini, na bunduki imetaifishwa. Sitaitafuta.

Nilisema juu ya kaburi la mama kwamba silisamehe. Sikujua kwamba ni wewe. Lakini kiapo ni kiapo, na wewe usinipe sababu ya kukivunja. Usije kwangu, usiniandikie, na tukikutana, unipite.

Kepher Opondo


Koiyet,
12 Julai 1992

Shemeji,

Nilikuwa nje ya ofisi siku ile, chini ya dirisha, pamoja na wanawake wengine. Nilisikia mlio. Kisha nikakusikia ukisema mama wa nyumba alikuwa ameenda bombani. Nikakaa kwenye nyasi, na wanawake wakadhani ni mlio ulionishtua.

Mimi nilikuomba unisitiri. Sikukuomba ulichukue jambo lote peke yako. Nilidhani utawaambia habari ya samli, na ya aliyefyatua itapotelea mahali. Sasa Kepher yuko nyumbani, anakula, anavaa koti lake la kazi, juzi alipiga mluzi akinyoa ndevu. Halafu ghafla jina lako linamjia na anakuwa mtu mwingine. Anasema hata akizeeka hatakuamkia. Mimi namimina chai.

Siwezi kuendelea hivi. Samli ilikuwa yako lakini mkono ulikuwa wangu, na uongo wa jioni ile ulikuwa wangu pia. Ningesema jioni ile, labda Kepher angekwenda laini kwa laini na bunduki yake kuwaonyesha, na mama angekuwa hai. Leo nimeamua nitamwambia. Kalamu imekwama hapa kwa sababu naogopa. Niambie wewe. Nijibu kwa Jerusa kama kawaida, atanifikishia; ukisema sema, nitasema siku hiyohiyo.

Molly


Kimulot,
19 Julai 1992

Kwa shemeji Molly, kwa mkono wa Jerusa,

Usimwambie.

Nimefikiria sana kabla ya kuandika neno hilo. Usidhani najifanya mtakatifu. Ninaumia. Wazee wa huku wananiita mtu wa samli, na wale waliochoma jiko lako wamenikasirikia zaidi ya wengine, kwa sababu nimewanyang'anya sababu yao. Wiki iliyopita mtu alikata chai yangu mstari mzima, akaiacha ikauke shambani. Rebeccah ananiuliza kila siku kama niliyoyasema pale ni kweli, na mimi namwambia ni kweli.

Na karibu yote ni kweli, Molly. Bila mkono wangu, mlio wako ungekuwa puf, na mwewe angeruka zake. Wewe ulivuta kitu ulichokiona kikivutwa kila siku. Mimi ndiye niliyekigeuza, nikakificha kwa mzaha ili nipewe soda. Kilichobaki kuongeza kilikuwa kidogo, nikakiongeza.

Lile linaloniuma si faini wala selo. Ni kwamba anaamini nilimuuliza habari ya bunduki nyingine nikijua. Ile barua niliiandika kwa moyo safi, na sasa ndiyo barua chafu kuliko zote maishani mwangu. Ningetaka ajue hilo moja tu. Lakini siwezi kumpa hilo bila kumpa na lako.

Sasa sikiliza. Mwanamume aliyefukuzwa kwa watu wake wa miaka yote, akamzika mama, akarudi kuishi katikati ya waliomchomea, anahitaji mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye hana shaka naye. Mimi akinikosa, atakuwa amekosa rafiki wa klabu. Wewe akikukosa, atarudi kila jioni kwenye nyumba tupu katikati ya watu wale. Najua utaubeba mzigo huu peke yako na ni mzito. Siwezi kukusaidia kuubeba. Mpikie, cheka naye, na siku akinitukana, mwache anitukane.

Usinijibu barua hii.

Jumamosi nilimwona sokoni Kapsoit. Aliniona kabla sijamwona, akavuka barabara akasimama upande wa pili mpaka nipite. Amerudisha mwili, na alikuwa amevaa shati jipya lililopigwa pasi vizuri. Nilifurahi kumwona, na iliniuma hadi nikasahau kilichonipeleka sokoni, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Benard